Mdudu wa Mwisho

Mjomba wangu alirudi kutoka Newala msimu wa korosho ulipoisha akiwa na vitu vitatu: TV chogo ya inchi 14, mashine ya gemu ya Kichina yenye pedi mbili, na kaseti ya njano iliyojigamba kubeba gemu 9999. Niliwahi kuzihesabu. Zilikuwa gemu ishirini na mbili, baada ya hapo majina yanaanza kujirudia: Mario, Mario wa kuruka juu, Mario wa kuanzia hatua ya nne. Ilikuwa mwaka 2003, Chikongola, Mtwara mjini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mjomba alifungua kibanda cha gemu kwenye baraza la nyumba yake kwa kuning'iniza khanga mbili kuukuu ili jua lisipige kwenye kioo.

Bei ilikuwa shilingi hamsini mpaka ufe. Hakuhesabu dakika. Ukifa unaachia pedi, hujafa unaendelea. Mjomba alidhani sheria hiyo ni ya biashara, na kwa gemu nyingi alikuwa sahihi.

Wenzangu waligombea Contra, Mario na ile ya vifaru. Waliingia kwa kelele, wakafa, wakarudi mwisho wa foleni wamenuna. Mimi hamsini zangu zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo nikatafuta gemu ambayo mtu anaweza kuchelewa kufa. Niliyoipata haikuwa na mtu ndani yake, wala mlima, wala muziki wa maana. Juu wamepangwa wadudu mstari chini ya mstari. Chini una kimzinga kinachokwenda kulia na kushoto tu. Katikati kuna vinyumba vya kujifichia ambavyo vinalika kila vikipigwa risasi, ziwe za kwao au zako. Wadudu wanatembea kwa upande, wakigusa ukingo wanashuka hatua moja na kugeuza. Wakikufikia chini, kwisha habari yako. Tuliiita gemu ya wadudu, na aliyeicheza alichekwa, maana ilionekana ya kizee.

Baada ya wiki mbili nilikuwa nakaa humo mpaka adhana ya magharibi. Nilijifunza kutoboa kinyumba katikati, tundu jembamba la risasi moja, nikajificha nyuma yake na kupiga kupitia hapohapo. Nilijifunza pia kumaliza safu za pembeni kwanza, maana kundi likiwa jembamba linachukua muda zaidi kufika ukingoni, na lisipofika ukingoni halishuki. Mjomba alikuwa anasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mpwa wangu, hamsini yako iliisha tangu saa nane. Sasa hivi unakula mtaji wangu."

"Sijafa, mjomba."

"Najua hujafa. Ndiyo tatizo."

Kilichokuwa kinaniokoa, au kuniua, ni mwisho wa kila raundi. Wadudu wakiwa wengi wanakokota miguu. Ukiwapunguza wanachangamka. Wakibaki watano wanakimbia. Akibaki mmoja, huyo hashikiki: anakwenda ukingo hadi ukingo kama kuku aliyeona kisu, na wewe una risasi moja tu hewani, ukikosa unasubiri ipotee juu ndipo upige nyingine. Watoto waliokuwa wananicheka walikuwa wanasogea kwenye kioo ikifika hapo. "Mdudu wa mwisho! Mdudu wa mwisho!" Mara mbili umeme ulikatika akiwa amebaki huyo mmoja. Enzi hizo umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia, na giza likiingia saa moja usiku mtu hakulalamika, alitafuta kiberiti tu.

Jioni moja bibi alipita. Bibi mzaa mama alikuwa anakaa Msangamkuu, ng'ambo ya maji, na siku za bamvua alivuka na boti kuleta pweza mjini. Alitua beseni barazani akachungulia nyuma ya khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mnaangalia nini humo gizani?"

"Gemu, bibi. Napiga wadudu."

Bibi alikuwa haoni tena tundu la sindano, nyuzi zake tulimtungia sisi. Lakini aliinama mbele ya kile kioo, akakitazama vizuri, kisha akanyoosha kidole chenye harufu ya bahari.

"Wadudu wa wapi? Hao wa chini pweza. Wa katikati kaa, huyaoni magando? Na huyo wa juu kabisa ni ngisi." Akamgeukia mjomba. "We mwanangu, unawafundisha watoto kupiga pweza kwa mzinga? Pweza anachokolewa."

Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko, na kwa wiki nzima niliitwa mvuvi.

Ilibidi ipite miaka minane nijue kwamba bibi alikuwa amesoma vizuri kuliko sisi sote. Nikiwa chuoni nilikuta habari za gemu ile kwenye kompyuta ya kukodi. Inaitwa Space Invaders. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Taito mwaka 1978, na aliyeibuni ni Tomohiro Nishikado, ambaye ilibidi kwanza ajitengenezee hata vifaa vya kuiundia. Alijaribu kuweka ndege na vifaru, mwendo wao haukumridhisha. Askari walitembea vizuri, lakini kupiga watu risasi kulikataliwa. Ndipo akakumbuka viumbe wa Mars wenye umbo la pweza katika riwaya ya Mwingereza H. G. Wells, akachora pweza, akaongeza kaa, akaongeza ngisi. Pweza alama 10, kaa 20, ngisi 30. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, la sivyo ningepanda boti siku hiyohiyo.

Mwaka huo 1978 nyumbani watu walikuwa na redio zao, na kufikia Oktoba redio zilikuwa na vita vya Kagera tu. Televisheni yenyewe Tanzania Bara ilianza 1994. Kwa hiyo gemu ilipofika barazani kwa mjomba ilikuwa na robo karne mgongoni, na ilikuwa imeshapita mikono mingi. Tulichokuwa tunacheza kilikuwa nakala ya nakala. Nikataka kuiona ya kwanza.

Kuna programu inaitwa MAME, ilianza mwaka 1997, kazi yake ni kuifanya kompyuta iigize mashine za gemu za zamani kwa ndani kabisa, mpaka kasoro zake. Nilipoifungua Space Invaders humo nilishangaa jambo la kwanza: kioo kimesimama. Gemu ya asili ni ndefu kwenda juu, kama simu uliyoishika wima. TV ya mjomba, kama TV zote, ililala. Hilo peke yake linabadilisha mchezo. Kwenye kioo kilichosimama risasi iliyokosa inasafiri mbali kabla ya kupotea, na muda wote huo huna silaha. Kwenye TV iliyolala juu ni karibu, risasi inarudi upesi. Mimi fundi wa Chikongola, niliyekula mtaji wa mjomba, nilikufa raundi ya kwanza. Nikafa tena. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Jambo la pili lilikuwa mwendo. Wale wadudu, samahani bibi, wale pweza wa asili hawatembei kwa pamoja. Wanatembea kama wimbi: wa kwanza anasogea, anafuata wa pili, wa tatu, mpaka kundi zima limepita, ndipo wanaanza upya. Nilidhani ni pambo. Kumbe ni umaskini. Mashine ile ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wake, ya Intel 8080 yenye kasi ya megahezi 2, na prosesa hiyo ilibeba karibu kazi yote, pamoja na kuchora. Kioo kinachorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kila mara programu inamsogeza mdudu mmoja tu. Wako 55, mistari mitano ya 11. Kuwazungukia wote kunachukua karibu sekunde nzima. Ukiua nusu, zamu inarudi haraka mara mbili. Akibaki mmoja, kila zamu ni yake, mara 60 kwa sekunde.

Kwa hiyo yule mdudu wa mwisho aliyetutoa jasho hakuna aliyekaa chini kumpangia mbio. Mashine ilikuwa imeelemewa na wenzake, walipokufa ikapata nafuu. Nishikado aliliona hilo akaliacha, na ile ngoma ya sauti nne nzito inayoshuka akaifanya nayo iharakishe. Fundi mwingine angeomba prosesa kubwa zaidi.

Basi tangu hapo kila nakala ya gemu hii ninayokutana nayo huwa naiuliza swali hilo moja: mdudu wako wa mwisho anakimbiaje? Maana mashine zilizofuata hazikuwa na udhaifu uleule. Ile ya familia ya mashine ya mjomba, Famicom ya Nintendo, ilipata Space Invaders yake mwaka 1985. Ukisoma namba prosesa yake ni ya megahezi 1.79, chini ya ile ya asili, lakini pembeni ina chipu nyingine ya picha tu. Haielemewi na wadudu 55 kwa namna ileile. Anayenakili analazimika kuiambia mashine yenye afya ijifanye imechoka, kisha ijifanye imepona. Mashine hiyohiyo ina kilema chake: haiwezi kuonyesha vitu vinavyotembea zaidi ya 8 katika mstari mmoja wa kioo, na safu ya wadudu ni 11. Inabidi uzunguke, uwachore kama sehemu ya pazia la nyuma. Kila mashine ina mahali inapobanwa, na gemu inakaa kwa kufuata hapo palipobana.

Atari 2600, mashine ya gemu ya nyumbani ya Kimarekani, ndiyo iliyobanwa kuliko zote. Toleo lake lilitoka Marekani mwaka 1980, mara ya kwanza gemu ya mashine za sarafu kuingia nyumbani kwa leseni, na watu walinunua mashine kwa ajili ya gemu hiyo moja. Aliyeiandika ni Rick Maurer. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Baiti, si kilobaiti. Ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160 hauenei humo. Mashine ile ilijua kuchora maumbo mawili tu ya kutembea, ukiacha risasi, lakini kila moja ungeweza kulirudia mara tatu katika mstari. Mbili mara tatu ni sita. Ndiyo maana wadudu wa Atari ni 36, sita kwa sita, na vinyumba vimebaki vitatu badala ya vinne. Kundi linasogea lote kwa mpigo kama gwaride. Pweza amepotea, kaa amepotea, umbo ni lingine kabisa. Bibi asingemtambua hata mmoja.

Na bado naipenda. Maurer alijua amepoteza wimbi, akalipa kwa wingi: kaseti ina namna 112 za kucheza. Vinyumba vinavyohama, wadudu wasioonekana, watu wawili kugombea mzinga mmoja. Hiyo ni akili ya mtu aliyepewa kitenge kifupi akashona gauni badala ya kulalamika. Simsifu hivyo yule wa kompyuta za Atari za wakati huohuo, aliyeondoa vinyumba vyote na kuwatoa wadudu kwenye roketi iliyosimama kushoto. Vinyumba ukiviondoa umebakisha nini? Ningetobolea wapi?

Kuna jambo la rangi pia. Kioo cha asili kilikuwa cheusi na cheupe. Rangi uliyoiona ilikuwa vipande vya plastiki vilivyobandikwa mbele: kijani chini kwenye mzinga na vinyumba, nyekundu juu kabisa, anakopita mara mojamoja mgeni ndani ya chombo chake, ukimpiga unapata alama za bahati. Rangi ilikuwa ya mahali. Mdudu mweupe akishuka mpaka usawa wa vinyumba anageuka kijani, na ukimwona wa kijani ujue amekufikia. Kwenye kaseti ya njano kila safu ilikuwa na rangi yake tangu juu, inapendeza, ila ile ishara ya hatari haipo. MAME inaigiza hata zile plastiki. Mara ya kwanza kumwona pweza akigeuka kijani juu ya kichwa changu nilijikuta nimerudisha kiti nyuma.

Na yule mgeni wa juu: anatoa alama 50 mpaka 300, na barazani tuliamini ni kudra. Wajapani waliigundua siri mapema. Mpige kwa risasi yako ya 23 na utapata 300, kisha kila ya 15 baada ya hapo. Watu walikuwa wanahesabu risasi huku wanacheza. Wakagundua pia kwamba wadudu wakishuka mpaka safu ya mwisho juu ya mzinga, risasi zao hazikuumizi, zinazaliwa chini yako. Wanasubiri wafike hapo kwa makusudi ndipo waanze kupiga. Wanaiita pigo la Nagoya. Kuhusu ile hadithi kwamba Japani iliishiwa sarafu za yeni 100 kwa sababu ya gemu hii, waachie wa kijiweni.

Sarafu zenyewe lakini ndizo zinazonirudisha barazani. Japani zilifunguliwa nyumba za gemu hii peke yake, meza kwa meza, kila meza ina kioo chake. Mashine ile ilitengenezwa ikuue. Ikuue vizuri, ukiwa umebakiza kidogo tu, ili utoe sarafu nyingine. Nakala ya nyumbani haina sababu hiyo, mtu ameshalipa kaseti nzima, ukimuua haraka anakasirika. Kwa hiyo nakala nyingi za nyumbani ni laini. Mjomba alichukua gemu iliyolainishwa kwa ajili ya sebuleni akaiweka kwenye biashara ya mpaka ufe. Mwezi wa tatu alibandika karatasi mlangoni: GEMU YA WADUDU DAKIKA KUMI TU. Ilikuwa inanihusu mimi.

Za baadaye nazipitia upesi. Zile za miaka ya tisini nyingi zilitaka kuvaa suti mpya: picha za kung'aa, mabosi wakubwa, silaha za kuokota. Ya 2008, Space Invaders Extreme, niliicheza kwenye PSP, mashine ya gemu ya mkononi, ya mwenzangu wa hosteli na nikamrudishia saa tisa usiku. Humo kila risasi inaingia kwenye mdundo wa muziki, na silaha zinabadilika. Si ile gemu, lakini aliyeitengeneza alielewa kwamba ngoma ya sauti nne ilikuwa nusu ya mchezo. Ile ya simu, Infinity Gene, inaanza nyeusi na nyeupe kama ya 1978, halafu gemu inakua mbele ya macho yako mpaka huitambui. Kwenye simu shida yangu ni kidole. Kinafunika mzinga. Unapigana vita hujui askari wako yuko wapi.

Sikukuu ya Idi iliyopita nilikwenda kumwona mjomba, siku hizi yuko Chuno, amestaafu biashara zote isipokuwa kuku. Nilibeba laputopu na kioo kimoja cha flati nilichokinunua mtumba. Nikakisimamisha wima mezani, nikakiegemeza kwenye ndoo ya unga ili kisianguke, nikafungua MAME. Katika miaka yote ya kibanda mjomba hakuwahi kushika pedi. Alisema mwenye duka hali pipi.

"Mjomba, hii ndiyo yenyewe. Ile yetu ilikuwa nakala."

"Ya wadudu?"

"Ya wadudu."

Alivaa miwani, akaweka vidole kwenye kibodi kama anayepima chai kama ina moto. Wimbi likaanza, ile ngoma nzito, dum, dum, dum, dum. Aliua kaa mmoja kwa bahati. Alikosa, akasubiri risasi ipotee, akakosa tena. Kinyumba cha kushoto kikaliwa. Pweza walipogeuka kijani alisema "eh!" akakimbilia kulia moja kwa moja kwenye risasi. Mizinga mitatu, dakika moja na nusu kwa saa ya ukutani.

Akavua miwani. Akatazama kioo, akatazama saa, midomo ikiwa inahesabu.

"Hii ilikuwepo wakati ule?"

"Tangu 1978, mjomba."

"Halafu wakaniuzia ile nyingine." Akasukuma kibodi upande wangu. "Na hii ningekuwa nimejenga ghorofa."